Sanduku la minyoo la nyumbani, Lubumbashi: nilichojaribu, kilichoharibika na nilicholipa

Naongeza hapa kila hatua inapokamilika, ili anayetaka kufuga minyoo ya mboji, wale wanaogeuza takataka za jikoni kuwa mbolea, asilipe mara mbili kama nilivyolipa mimi. Mahali ni Katuba, kwenye parseli yenye nyumba, mwembe mmoja na matuta machache ya lengalenga na matembele. Udongo wetu ni ule mwekundu mnaoujua: mvua ikinyesha unateleza, jua likiwaka unakuwa tofali. Mbolea ya dukani ninaimudu msimu mmoja, msimu unaofuata siimudu. Bei zote ni za faranga za Kongo, na mwaka 2024 dola moja tuliibadilisha kwa karibu 2,800.

12 Mei 2024: Kupima kabla ya kununua

Kwa wiki nzima nilipima takataka za jikoni kabla hazijatupwa. Wastani ulikuwa kilo 1.2 kwa siku: maganda ya viazi vitamu na ndizi, majani ya nje ya kabichi, vikonyo vya sombe (majani ya muhogo), majani ya chai. Namba hiyo ndiyo inayoamua ukubwa wa sanduku. Minyoo wa mboji wakiwa katika hali nzuri hula hadi nusu ya uzito wao kwa siku, na mita mraba moja hubeba kama kilo tano zao. Hesabu yangu ikanipa kilo 2.4 za minyoo na nusu mita mraba ya nafasi.

Kina hakihitajiki sana. Hawa si wale wanaochimba mashimo marefu ardhini, hukaa sentimita 20 za juu, kwenye majani yanayooza. Sanduku la sentimita 30 linatosha, na likizidi hapo, chini panakosa hewa panaanza kunuka.

Niliandika masharti matano ukutani: pawe na giza, pawe na hewa, maji yatoke, joto la Oktoba lisiwachemshe, na sanduku lenyewe lisitoe sumu. Hilo la mwisho nililiweka mwisho nikidhani ndilo jepesi kuliko yote.

2 Juni: Minyoo, kisha sanduku la paleti

Minyoo wa kwanza niliwachimba kwenye tuta la matembele. Walikuwa wa kijivu, wanene, na baada ya siku nne sikumkuta hata mmoja kwenye beseni. Nyungunyungu wa udongo hawafai kazi hii. Wanaofaa ni wembamba, wekundu, wanaoishi kwenye samadi. Niliwapata kwa mzee mmoja anayefuga ng'ombe nje ya mji, upande wa barabara ya Kasumbalesa. Alifunua samadi ya zamani kwa jembe, tukaokota pamoja. Nusu kilo, faranga 10,000.

Kwa sanduku nilichagua mbao, kwa sababu mbao hupumua na unyevu hautuami. Mbao mpya ni ghali, nikatafuta paleti. Paleti inayosafirishwa kati ya nchi huwa na muhuri: herufi HT zinamaanisha ilipashwa joto kuua wadudu, MB ilifukizwa kwa gesi ya sumu. Nilichukua nne zenye HT, 5,000 kila moja. Nilikataa mbili zilizokuwa na doa la kijani kibichi kwenye nyuzi za mbao. Muuzaji alisema ni ukungu, lakini ukungu hauachi unga unaong'aa.

Fundi seremala alilipwa 25,000, misumari 4,000. Likatoka sanduku la mita moja kwa nusu mita, kina sentimita 30. Aliniuliza: "Mama, tupake mafuta machafu ya injini? Mchwa watakuja." Nikamwambia hapana, ndani humo kuna viumbe vinavyopumua kwa ngozi. Akanitazama, akasema, "Basi liweke juu, mama, lisiguse chini." Sikumsikia. Nililiweka chini, kando ya ukuta, kwa kuwa lilikuwa zito na nilikuwa peke yangu.

7 Julai: Mchwa

Nje sanduku lilikuwa zima kabisa. Nilipoliinua upande mmoja ili kuona kama maji yanatoka, ubao wa chini ulibaki ardhini. Niliubonyeza kwa kidole gumba, kidole kikaingia. Juu palikuwa na ngozi nyembamba ya mbao kama karatasi, chini yake udongo mwekundu uliojengwa kwa ustadi, vijia vya mchwa vimepangana kama mishipa. Walikuwa wamekwisha kupanda hadi kwenye kartoni niliyotandika ndani, na kartoni nayo ilikuwa imejaa udongo wao. Siku 35 zilitosha.

Ningepaswa kujua. Katanga ni nchi ya vichuguu. Nje ya mji vipo vinavyozidi kimo cha nyumba, na matofali tunayojengea yanafinyangwa kwa udongo wake. Mtu anayeweka mbao na kartoni yenye maji juu ya ardhi hii anawaandalia mchwa karamu.

Dawa yake ipo, na kwa anayependa mbao ndiyo hii: miguu minne ya sentimita 40, kila mguu ndani ya kopo lenye maji na kijiko cha mafuta juu yake, sanduku lisiguse ukuta, jani wala kamba. Mchwa wa ardhini lazima wajenge njia ya udongo kutoka chini, na maji yanaikata. Makopo hayo huzuia siafu pia. Lakini ubao wangu wa chini ulikuwa umekwisha, na mbao mbili za pembeni. Faranga 49,000 zilikwenda hapo.

Minyoo walikuwa hai, ila wamelegea. Huu ni msimu wa baridi, usiku baridi hushika kweli, na minyoo hawa hupendelea nyuzi 15 hadi 25. Niliwahamishia kwenye beseni jikoni.

21 Julai: Pipa la bluu

Kila mtu aliniambia plastiki. Mchwa hawali plastiki. Sokoni nilinunua pipa la bluu la lita 200 kwa 55,000. Lebo ilikuwa imekwanguliwa. Nilimuuliza kijana anayeuza lilikuwa na nini, akajibu haraka: "Mama, usiogope, ilikuwaka ya jus tu." Nililipa 5,000 likapasuliwa kwa urefu, nikapata mabeseni mawili mapana, mazuri kwa macho. Niliyaosha kwa sabuni mara moja, nikatoboa, nikatandika kartoni yenye maji na majani makavu ya mwembe. Jioni ya tarehe 18 niliweka gramu 300 za minyoo. Gramu 200 nikaziacha jikoni, si kwa hekima, giza tu lilikuwa limeingia.

Asubuhi nilipofunua walikuwa wamepanda kwenye kingo, wamejipanga mduara mzima, kama watu wanaokimbia mafuriko. Wengine walikuwa wamekauka ukutani. Minyoo hupanda hivyo hata wakiwa wageni mahali, kwa hiyo niliwarudisha, nikawasha taa juu yao ili wazame. Hilo ndilo kosa ninalolijutia. Nilisoma vibaya alama waliyonipa, nikawalazimisha kurudi. Siku ya tatu walikuwa wamevimba katikati, wamekatika vipande vipande, na harufu iliyotoka haikuwa ya kuoza. Ilikuwa kama kabichi iliyokaa kwenye maji siku nyingi.

Jirani yetu alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha kuchenjulia shaba. Nilimpelekea kipande cha plastiki. Hakukigusa hata, alinusa kwa mbali akasema, "Yaya, hii ni dawa ya kufanya madini yaelee." Alikuwa akizungumzia zantheti, kemikali inayowekwa kwenye matangi ya maji ili chembe za shaba zishikane na mapovu na kuelea juu. Ikikutana na unyevu huanza kuvunjika na kutoa hiyo harufu. Plastiki hunywa kemikali za namna hiyo, na sabuni huosha uso wake tu.

Nilibaki nimesimama na kile kipande mkononi, kwa sababu nyumbani tuna pipa jingine la bluu. Lilitoka sokoni miaka miwili iliyopita, na ndilo la maji ya kunywa.

18 Agosti: Bakuli kumi na moja, minyoo kumi kumi

Tangu pipa lile nimeacha kuuliza muuzaji. Ninawauliza minyoo kabla ya kuwahamisha wote. Njia si yangu. Tangu mwaka 1984 shirika la nchi tajiri, OECD, lina utaratibu ulioandikwa wa kupima sumu ya kemikali kwa minyoo hawa wa mboji: unawaweka kumi kumi kwenye udongo uliotayarishwa, unahesabu walio hai baada ya siku 14. Maabara zina vipimo ambavyo mimi sina, lakini bakuli za majarini ninazo.

Kila bakuli liliwekwa kiganja cha kartoni iliyolowekwa na kukamuliwa hadi itoe matone mawili matatu tu, majani ya mwembe kidogo, minyoo kumi, na kitu kinachopimwa kikiwa kimekatwa vipande au kimewekwa upande mmoja wa bakuli. Kifuniko kikatobolewa. Bakuli moja halikuwekwa kitu, ili kujua kama kosa ni langu. Zote zilikaa chini ya kitanda, siku 14, kuanzia 4 Agosti.

Bakuli tupu: kumi hai. Hilo lilinipa moyo wa kuyaamini mengine.

Vipande vya pipa la bluu: sifuri. Vipande vya pipa hilohilo baada ya kuoshwa mara tatu kwa sabuni na maji ya moto na kuanikwa juani wiki nzima: wanne, wembamba kama uzi.

Vipande vya bidoni (dumu) ya njano ya mafuta ya kupikia: kumi hai, na yai moja dogo la rangi ya limau. Niliita watoto waje kuliona.

Mbao za paleti zilizobaki: kumi. Kwa hiyo mbao hazikuwa na hatia, mchwa ndio.

Vumbi la mbao nyekundu kutoka kwa seremala: sita, wote wameganda kwenye kifuniko. Mbao ngumu za msitu wetu zina utomvu na uchachu unaozilinda na wadudu, na minyoo wanauhisi. Usitandike vumbi hilo hata kama unapewa bure.

Kartoni ya kung'aa yenye picha: kumi, lakini hawakuila. Haileti hasara, haileti faida.

Kipande cha bati: kumi hai, wote upande wa pili wa bakuli. Bati limepakwa zinki, na maji ya mboji yenye uchachu huichubua polepole. Kama kifuniko cha mvua sawa, kama ukuta wa sanduku hapana.

Udongo wa kichuguu kutoka nje ya mji: kumi, wamezama ndani yake. Udongo wa parseli yetu: tisa hai, wanane kati yao wakiwa upande wa kartoni. Tanuru la shaba la mji huu lilianza kuyeyusha mwaka 1911, na moshi wake wa miaka mingi lazima umeanguka mahali. Minyoo hawaniambii ni kiasi gani cha shaba kiko kwenye udongo wangu. Lakini kumi ni wachache, na wanane waliukwepa. Mchanga ambao minyoo husagia chakula tumboni sasa nauchukua kwenye kichuguu, na naongeza maganda ya mayai yaliyotwangwa.

Bakuli la mwisho lilikuwa la pipa letu la maji. Nilikwangua ndani kwa kisu. Kumi hai, wanono. Hata hivyo tumeacha kunywa humo, maji ya kunywa sasa yako kwenye bidoni za njano. Mnyoo akiishi siku 14 haina maana mtoto yuko salama miaka 14. Pipa linamwagilia maua tu, na nitakapopata uwezo litatoka.

Gharama ya jaribio hili lote: sifuri, na minyoo 21. Naliweka mbele ya kazi nyingine zote kwa atakayefuata shajara hii.

8 Septemba: Bidoni ya njano

Bidoni ya lita 20 ya mafuta ya kupikia, 4,000 moja, nimeanza na tatu. Chini yake kuna pembetatu yenye namba 2, plastiki ngumu ya kuhifadhi chakula. Lakini namba inakuambia aina ya plastiki tu. Pipa la bluu nalo lilikuwa na 2.

Ilaze kwa ubavu wake mpana, kata ubavu wa juu kwa kisu kilichopashwa moto juu ya makaa. Unabaki na trei ya takribani sentimita 38 kwa 28, kina kinachozidi 20. Mdomo na mkono wa bidoni uache, ndio mshikio. Trei moja ni kama sehemu ya kumi ya mita mraba, kwa hiyo tano zitafikisha nusu mita niliyohesabu Mei.

Mafuta yaliyobaki ndani lazima yaondoke. Mnyoo hupumua kwa ngozi yenye unyevu, mafuta yakimpaka anaziba. Nilisugua kwa jivu kavu kwanza, kisha sabuni, kisha jivu tena, hadi tone la maji lilipotambaa ukutani badala ya kujikunja.

Nilitoboa matundu 12 chini kwa msumari wa moto. Kufikia 4 Septemba trei zote zilikuwa na maji sentimita mbili chini, meusi, yananuka. Matundu yalikuwa ya milimita tatu, na kartoni iliyolainika iliziba yote. Plastiki haipumui kama mbao, kila tone la ganda la ndizi linabaki humo. Sasa ni matundu 30 ya milimita nane chini, na safu mbili za matundu ya milimita tano pembeni, juu ya mstari wa chakula. Chini nimetandika vijiti vya mwembe kimoja kando ya kingine kabla ya kartoni, ili maji yapate njia. Harufu iliisha kwa siku tatu.

22 Septemba: Waya wa shaba

Matundu ya milimita nane yanapitisha minyoo, kwa hiyo niliweka chandarua chini. Cha kukifungia nilikiona palepale: waya wa shaba uliochunwa kwenye kebo, mwanangu anao mwingi wa kutengenezea magari ya kuchezea. Hapa kwetu waya wa shaba hautafutwi. Nilishona kona zote nne za trei ya kwanza. Trei ya pili waya uliisha, nikamalizia kwa uzi wa nailoni wa kuvulia samaki.

Wiki hii nilikuwa nahesabu. Trei ya pili, minyoo wamesambaa kila mahali. Trei ya kwanza, wote wako katikati, duara moja zito, na kona nne tupu. Maganda ya viazi yaliyokuwa kwenye kona yalikuwa mazima, yana ukungu, hakuna aliyeyagusa. Niliinua chandarua. Waya ulikuwa umevaa koti la kijani, lile la sanamu za zamani, na kartoni iliyouzunguka ilikuwa na doa la kijani upana wa sarafu. Wiki mbili tu.

Shaba ni sumu kali kwa minyoo kuliko metali nyingi, na maji ya mboji yana uchachu wa kutosha kuilamba. Niliikata yote, nikatupa kartoni ya kona, nikashona upya kwa nailoni. Siku ya nne wa kwanza walirudi kona ya kaskazini.

Angalia kila kitu kidogo, si sanduku tu: misumari, bawaba, waya, kijiko unachochimbulia. Chandarua na nailoni, 3,000.

20 Oktoba: Jua limehama

Mwezi Agosti nilichagua upande wa kusini wa ukuta, kwa sababu ndiko kulikokuwa na kivuli mchana kutwa. Tarehe 9 Oktoba saa nane mchana kipimajoto nilichoazima kilisoma 34 ndani ya trei. Minyoo walikuwa wamejibana kwenye vijiti vya chini, na kama arobaini walikuwa wametoka kwenye matundu, wamekauka juu ya saruji.

Ukuta haukusogea, jua ndilo lililosogea. Lubumbashi iko karibu nyuzi 11.7 kusini mwa ikweta. Juni jua la mchana hupita upande wetu wa kaskazini, na kivuli huangukia kusini. Kwenye tarehe 22 au 23 Oktoba linasimama utosini, kisha hadi katikati ya Februari linapita kusini. Yaani pale nilipopaona pana kivuli ndipo panapochomwa miezi minne. Anayepanga mahali wakati wa baridi apange chini ya mti au chini ya baraza, asitegemee ukuta.

Nimehamia chini ya mwembe. Matofali ya kuchoma 80 kwa 150 ni 12,000, na kijana wa mkokoteni 6,000. Nimeyapanga bila saruji, kama meza ya kuweka trei na ukuta mfupi kuzizunguka, nafasi za kidole kati ya tofali na tofali. Saruji mpya ina chokaa kali, sikuitaka karibu. Kila jioni namwagia matofali ndoo moja. Tofali la kuchoma hunywa maji na kuyaachia polepole mchana, nayo yakikauka yanachukua joto. Mchana wa juzi nje ilikuwa 32, ndani ya trei 26.

Kuna aliyeniuliza kwa nini nisijaze minyoo moja kwa moja ndani ya matofali. Ni mchwa. Wangeingia kupitia ardhini kuifuata kartoni. Trei ikiwa juu, kijia chao cha udongo nakiona kwenye tofali na kukivunja. Nimevunja vitatu tayari.

24 Novemba: Mvua

Mvua kubwa ya kwanza iliyotupata bila kifuniko ilijaza trei mbili. Minyoo hawazami upesi, lakini walihama usiku, na asubuhi kuku wa jirani walikuwa wameamka mapema kuliko mimi. Nimenunua bati lililotumika, 12,000, likalala juu ya ukuta wa matofali, limeinama upande mmoja, pengo la sentimita kumi kwa hewa. Haligusi trei. Juu ya chakula kuna gunia la katani lililolowekwa, ambalo hushika matone ya bati na kutunza giza. Nilijaribu mfuko wa bunga (unga) wa plastiki iliyofumwa. Unafanya kazi, ila nyuzi zake huachana na kuchanganyika na mboji, na kuzichambua moja moja kunachukua nusu siku.

15 Desemba: Mboji ya kwanza

Nilimwaga trei ya kwanza juu ya gunia juani, kwa vilima vidogo. Minyoo wanakimbia mwanga, wanashuka chini ya kilima, wewe unakwangua juu taratibu. Mboji kilo 9, nyeusi, harufu ya msitu baada ya mvua. Minyoo niliowapima kutoka trei zote ni gramu 650. Nilibakiwa na gramu 200 Julai, nikapunguza tena kwa bakuli na kwa jua la Oktoba, kwa hiyo wamezaa vizuri. Bado hawafikii kilo 2.4. Kwa sasa wanakula kama gramu 300 kwa siku, maganda mengine yanaenda shimoni kama zamani. Bidoni mbili zilizobaki nitakata watakapofika kilo moja na nusu.

Kilichosimama leo kimegharimu hivi: minyoo 10,000, bidoni tatu 12,000, chandarua na nailoni 3,000, matofali na mkokoteni 18,000, bati 12,000. Jumla 55,000, karibu dola 20. Kilichopotea kwenye paleti na pipa la bluu ni 109,000.

Lengalenga nimelitia mboji nusu tuta, nusu nimeliacha, na tofauti ya rangi ya majani naiona nikiwa mlangoni.

Tangu jirani asimulie habari ya pipa, mama wawili wa mtaa wamekuja na vikwanguo vya mapipa yao ya maji wamefunga kwenye karatasi. Nimewaambia wazi: minyoo wakifa, pipa litoke leo, wakiishi, bado halijawa salama, tafuteni bidoni za chakula. Wamekubali. Bakuli zao ziko chini ya kitanda, siku ya sita. La mmoja, minyoo wote kumi wamepanda kwenye kifuniko. Sikuwarudisha chini. Nimemwita aje aone mwenyewe jioni hii.